Kutoa Hewa Kwenye Breki za Gari la Kikundi



Vikundi vingi vilianza na kuku, mbuzi au mashine ya kusaga. Leo vingine vimejikokota mpaka vikanunua pikapu ya kubebea maziwa, viazi au maembe. Hongera kwenu. Lakini tukiwatembelea tunakuta daftari la fedha liko, daftari la mahudhurio liko, na la gari haliko. Ukiuliza breki zilishughulikiwa lini, wote wanamtazama dereva, naye dereva anatazama chini.

Somo la leo ni juu ya kazi moja tu ya breki: kuondoa hewa iliyoingia ndani ya paipu zake. Mafundi wa jua kali huiita kublidi. Watu wawili au watatu wenye vyombo vya kufaa wanaweza kuifanya nyumbani kwa nusu siku. Pia tutasema wazi ni wapi kazi ya nyumbani inaishia, maana redio ukiikosea haiimbi tu, lakini breki ukiikosea utaijua ukiwa katikati ya mteremko na watu wamekaa juu ya magunia.

Jambo moja kabla hatujaanza. Malori na mabasi makubwa hutumia breki za upepo. Basi lililotumbukia kwenye daraja la Nithi tarehe 24 Julai 2022, ambapo watu zaidi ya 30 walifariki, lilikuwa la ukubwa huo. Breki za upepo zina vifaa vingine kabisa na hazimo katika somo hili. Hapa tunazungumza juu ya pikapu na magari madogo.

JARIBIO LA SIRINJI

Wale mnaofuga mna sirinji za kudungia mifugo. Leteni moja kwenye mkutano, mtoe sindano. Ivute maji mpaka ijae bila hewa hata kidogo, ziba tundu kwa kidole, kisha sukuma. Haiendi. Sasa toa maji kidogo, vuta hewa, ziba tena na usukume. Utaona inabonyea na kurudi kama mpira.

Breki za gari ni hivyo hivyo. Ukikanyaga pedali, inasukuma masta silinda, na masta silinda inasukuma fluidi katika paipu mpaka kwenye magurudumu. Huko fluidi inabana padi kwenye diski, au inatanua shuu ndani ya drami. Fluidi haibonyei, kwa hiyo nguvu ya mguu inafika yote. Kukiwa na hewa njiani, mguu wako unabonyeza hewa, na gari linaendelea na safari yake.

Dereva atakuambia, "Hii kitu ukiipiga mara mbili inashika." Anasema kama mtu anayesifu gari. Kumbe hapo gari lenyewe limesema kwamba lina hewa, au shuu za nyuma zimeisha na kuachana na drami. Mtoto akiruka barabarani hakuna nafasi ya kupiga mara mbili.

JINA LINALOPOTEZA WATU

Wengine husema oili ya breki, wengine maji ya breki. Majina yote mawili yameharibu magari. Aliyesikia oili ameongeza oili ya injini, na aliyesikia maji ameongeza maji ya mtungi. Sisi tutaita fluidi, kama mafundi.

Oili ya injini, ya gearbox, dizeli au mafuta ya taa yakiingia hapo, raba zote za breki zinavimba na kulegea. Baada ya hapo si kublidi tena. Ni kubadilisha raba zote, na pengine masta silinda nzima. Maji nayo yanaota kutu ndani, na yanachemka mapema.

Kwenye chupa mtaona neno DOT na namba. Pikapu nyingi hutumia DOT 3 au DOT 4. Someni kwenye kifuniko cha kitangi cha fluidi chini ya boneti. Mara nyingi imeandikwa. DOT 4 inaweza kuongezwa kwa gari la DOT 3. Lakini DOT 5 ni ya silikoni, haichanganywi na hizo nyingine hata tone. Jihadharini, kuna DOT 5.1 pia, ambayo ni jamii ya DOT 3 na 4. Namba zinafanana, vitu ni tofauti.

Sasa hapa ndipo pana siri kubwa. Fluidi ya DOT 3 na DOT 4 inavuta unyevu kutoka hewani, kama vile chumvi inavyolowa wakati wa mvua. DOT 3 ikiwa mpya haichemki mpaka ipite nyuzi 205 za Selsiasi. Ikishavuta maji kiasi cha asilimia 3.7 tu, kiwango kinachotakiwa kinashuka mpaka nyuzi 140. DOT 4 inaanza na 230 na kushuka mpaka 155. Ndiyo sababu inafaa kubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi, hata kama gari halijalalamika.

Fikirini barabara ya kutoka Iten kupitia Tambach hadi Bonde la Kerio. Inateremka zaidi ya mita 1,000. Pikapu imebeba viazi, dereva ameweka gia ya juu ili asichome petroli, na mguu uko kwenye breki njia yote. Drami na diski zinapata moto, moto unaingia kwenye silinda, na fluidi ya zamani inachemka. Ikichemka inakuwa mvuke, na mvuke unabonyea kama hewa ya sirinji. Pedali inakwenda mpaka sakafuni.

Na ubaya wake ni huu: likisimama likapoa, mvuke unarudi kuwa maji na pedali inapanda tena. Asubuhi fundi anaikanyaga, anasema breki ni nzuri. Mwenyekiti anamwambia dereva, "Wewe ni mwoga tu." Dereva hakudanganya, na fundi hakudanganya. Mmoja alikanyaga breki moto, mwingine akakanyaga breki baridi. Dereva akileta habari ya namna hiyo, fluidi yote itolewe na kuwekwa mpya.

KABLA YA KUFUNGUA CHOCHOTE

Hewa haiingii bila mlango. Kama fluidi inapungua kwenye kitangi, inakwenda mahali. Angalieni ndani ya kila gurudumu, kwenye paipu za chuma, kwenye hosi za mpira, na ndani ya gari pale pedali inapoungana na ukuta wa injini. Pakiwa pamelowa, kublidi ni kupoteza fluidi. Tengenezeni uvujaji kwanza. Kama hakuna uvujaji, tazameni unene wa padi, maana padi zikiisha fluidi hushuka kidogo kwenye kitangi bila kuvuja. Na kwa breki za drami, fungueni muone shuu, mzikaze zikae karibu na drami. Kuna watu wamemwaga chupa tatu za fluidi kumbe pedali ilikuwa ndefu kwa sababu ya shuu.

VYOMBO

Kwenye kila gurudumu, nyuma ya kalipa au silinda, kuna skrubu ndogo yenye tundu katikati, inafanana na nipo ya grisi. Hiyo ndiyo nipo ya kutolea hewa. Leteni spana ya ringi inayoikaa sawasawa. Mara nyingi ni namba 8, 10 au 11, ijaribuni kabla. Ringi nasema, si spana ya mdomo wazi na si plaisi. Nipo ni laini na ina shimo ndani. Plaisi inaiviringa, na ikishakuwa duara mtaikata kwa fundi kwa gharama.

Leteni pia paipu ya plastiki inayoonyesha ndani, urefu wa nusu mita, ikae kwa kubana juu ya nipo. Chupa safi inayoonyesha ndani. Fluidi mpya lita moja, iliyofungwa kwa sili. Jeki, stendi mbili imara, mawe au vipande vya mbao vya kuzuia magurudumu, brashi ya waya, vitambaa safi na ndoo ya maji. Na kipande cha ubao chenye unene wa kama sentimita 3; matumizi yake yatakuja.

Hiyo fluidi msinunue ya kupimiwa kutoka chupa iliyofunguliwa dukani. Hamjui imekaa wazi siku ngapi. Na ile inayobaki msiiweke kwenye chupa ya soda. Ni sumu, na mtoto haulizi. Ikidondoka kwenye rangi ya gari inaibabua, kwa hiyo mwageni maji mara hiyo hiyo. Ikiingia machoni, osha kwa maji mengi na uende kituo cha afya.

KAZI YENYEWE

Egesheni gari mahali tambarare, mzuie magurudumu. Stendi ziwekwe chini ya ekseli ya nyuma, sio chini ya chesisi. Pikapu nyingi zina vali ya nyuma inayopima uzito wa mzigo; ekseli ikining'inia vali hiyo inadhani gari ni tupu na inazuia fluidi kwenda nyuma. Kwa pikapu zilizo juu, mtu anaweza kuifikia nipo bila kuinua gari kabisa, na hivyo ni bora zaidi. Mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Hapana, hata kwa dakika moja.

Injini izimwe. Kanyaga pedali mara tano au sita mpaka iwe ngumu, ili busta imalize nguvu yake. Futa kifuniko cha kitangi kabla ya kukifungua, maana chembe moja ya mchanga inaweza kukwaruza masta silinda. Jaza mpaka alama ya juu.

Mnaanzia gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Magari yetu yana usukani kulia na masta silinda iko kulia, basi kwa pikapu ya kawaida mpango ni nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, mbele kulia. Magari mengine madogo yana paipu zinazopishana kona kwa kona, na baadhi ya pikapu zina nipo nyingine kwenye ile vali ya nyuma. Kama mna kitabu cha gari, kitabu ndicho kinachofuatwa.

Safisha nipo kwa brashi ya waya. Ikikataa kufunguka, ipakeni oili ya kulegeza kutu kwa nje, mngoje, kisha mgonge pembeni polepole. Vaa spana kwanza, halafu paipu juu ya nipo, na mwisho wa paipu uzame ndani ya fluidi kidogo mliyoweka kwenye chupa.

Sasa ni kazi ya sauti. Mmoja yuko kwenye pedali, mwingine yuko kwenye nipo, na hawaonani. Wakubaliane maneno matatu, na wasitumie mengine. Wa juu anakanyaga polepole mara tatu, anabaki amekanyaga, anasema: "Nimeshika!" Wa chini anafungua nipo robo mpaka nusu mzunguko. Fluidi na hewa zinatoka, pedali inashuka. Wa juu anasema: "Imefika!" lakini HAINUI mguu. Wa chini anafunga, anasema: "Nimefunga!" Hapo tu ndipo mguu unainuliwa, polepole.

Kazi yote iko katika neno hilo la mwisho. Mguu ukiinuka nipo ikiwa wazi, pedali inavuta hewa ndani na mmerudi nyuma kuliko mlipoanza. Watu wanaokaa kwenye pedali huchoka, wanaanza kuongea na wapita njia, na mguu unainuka. Mchagueni mtu mtulivu. Katika kikundi kimoja nilichokitembelea kazi hiyo walimpa mama mwekahazina, kwa sababu, walisema, hakuna mtu aliyewahi kumfanya aachilie kitu kabla ya wakati.

Ule ubao unawekwa sakafuni chini ya pedali. Katika gari la zamani, sehemu ya mwisho ya masta silinda haijawahi kutumika na ina kutu. Pedali ikipelekwa mpaka chini kabisa, raba zinapita kwenye kutu hiyo na kukatika. Wengi wamemaliza kublidi vizuri wakapata masta silinda imekufa, wakafikiri ni uchawi.

Mtu wa tatu, hata kijana wa shule, asimame kwenye kitangi. Kila baada ya kukanyaga mara nne au tano aongeze fluidi. Kitangi kikikauka, masta silinda inavuta hewa na mnaanza upya magurudumu yote manne. Huyu ndiye anayesahaulika, na ndiye anayeharibu siku.

Endeleeni gurudumu hilo hilo mpaka mapovu yaishe kwenye paipu, na fluidi inayotoka iwe safi kama inayoingia. Mtashangaa rangi ya ile ya zamani. Mara nyingi ni kama kahawa. Mkimaliza, kazeni nipo kwa mkono wa kawaida. Msitie bomba refu kwenye spana, itakatika. Rudisheni kifuniko chake cha raba, mwende gurudumu linalofuata. Fluidi iliyotoka hairudishwi kwenye gari hata ikionekana safi. Wala isimwagwe shambani au mtoni. Pelekeni kwa gereji inayokusanya oili chafu, na muwaambie ni fluidi ya breki ili waiweke kando.

KUPIMA

Injini ikiwa imezimwa, pedali iwe juu na ngumu kwa kukanyaga mara moja. Endelea kuikanyaga, washa injini: itashuka kidogo kisha itasimama. Hiyo ni busta inafanya kazi, msiogope. Ikandamize dakika moja nzima. Ikizama polepole bila kusimama, kuna uvujaji, au raba za ndani za masta silinda zimechoka. Mwenzako azunguke magurudumu yote akitazama kama kuna nipo iliyolowa, na atazame hosi za mpira. Hosi inayovimba pedali ikikanyagwa haina siku nyingi.

Kisha endesheni gari tupu, mahali tambarare, mwendo wa mtu anayetembea, mkono ukiwa kwenye hendibreki. Jaribuni mara kadhaa kabla ya kutoka barabarani.

MAHALI PA KUACHA

Kama mmeblidi mara mbili na pedali bado ni laini, acheni. Kama inazama, acheni. Kama paipu ya chuma imeliwa na kutu, au taa nyekundu ya breki haizimiki, acheni. Magari mengi yaliyotumika yanayotoka Japani yana mfumo wa ABS. Haya nayo hublidiwa nyumbani, lakini kitangi kikikauka na hewa ikaingia kwenye kifaa cha ABS, mara nyingi inahitajika mashine ya gereji kuitoa. Iteni fundi aje lilipo gari, au livutwe. Msimpelekee likiendeshwa.

Nirudi kwa lile jambo la dereva. Fundi ninayemwamini hunieleza kwamba magari mengi humfikia siku moja baada ya siku ya soko, si siku moja kabla. Dereva alijua tangu Jumatatu. Aliogopa kupoteza safari, kikundi kiliogopa kupoteza mteja, na kila mtu akangoja mwenzake aseme. Ningependekeza muandike kwenye kumbukumbu za mkutano kwamba dereva akisema pedali ni laini, gari halitoki, na siku hiyo analipwa kama kawaida. Bila hayo maneno ya mwisho, hatasema.

Kwenye mteremko, dereva aingize gia ya chini kabla ya kuanza kushuka, sio katikati. Akisikia harufu ya kuungua au pedali ikianza kurefuka, atafute pahali pa kusimama na angoje magurudumu yapoe yenyewe. Kumwagia maji kunaweza kupasua drami.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Fluidi ya gari letu ilibadilishwa mwezi gani na mwaka gani? Nani ana maandishi yake?

2. Ni mteremko gani katika safari zetu ulio mrefu kuliko yote, na dereva wetu huushuka kwa gia ya ngapi? Aulizwe yeye mwenyewe.

3. Gari likikaa siku tatu bila kutoka, maziwa au mboga zetu zitafika sokoni kwa njia gani, na pesa ya njia hiyo itatoka mfuko upi?